Udongo wa Ufipa na Hesabu Iliyotoka Mbali

Mwaka 1925 Karl Terzaghi, mhandisi mzaliwa wa Prague, alichapisha kitabu kilichozaa fani ninayoisoma. Alikuwa amefundisha Istanbul kwa miaka kadhaa, huku akibana vipande vya udongo wa mfinyanzi na kupima maji yanavyotoka. Alionyesha kwamba uzito wa jengo hukamua polepole maji yaliyo kati ya chembe, na kadiri yanavyotoka ndivyo msingi unavyotitia. Tabaka likiwa nene mara mbili, muda huwa mara nne. Ndiyo maana nyumba hukabidhiwa nzima, kisha ikapasuka baada ya miaka.

Kipimo chake kinataka subira: mzigo huongezwa maradufu kila baada ya saa 24, na kazi nzima huweza kuzidi wiki. Wahandisi wakatafuta njia ya mkato. Mwaka 1948 Terzaghi na Ralph Peck walichapisha moja: pima asilimia ya maji inayoufanya udongo uanze kutiririka, toa 10, zidisha kwa 0.009. Jibu linakueleza udongo utabanika kiasi gani. Hesabu hiyo ilitokana na udongo uliotuama majini, ambao haujawahi kubeba mzigo kuliko ulio nao sasa.

Utafiti wangu wa uzamili unahusu Ufipa, na udongo mwekundu wa miinuko yake haukutuama ziwani. Ni mwamba wa kale uliooza papo hapo. Je, hesabu ile inauhusu?

Terzaghi mwenyewe alikutana na swali la namna hii Kenya. Bwawa la Sasumua, linaloipelekea Nairobi maji, lilijengwa miaka ya 1950 kwa udongo mwekundu ambao vipimo vya kawaida viliutilia shaka. Ulipojaribiwa, ulikuwa imara. Katika makala yake ya 1958 alieleza kwamba chembe zake zimeshikana katika vijibonge vigumu, na maji mengi yanayopimwa yamo ndani ya vijibonge hivyo.

Zaidi ya miaka 20 kabla, Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alikuwa ameona kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana mteremkoni kama mnyororo: mwekundu juu, mweusi wa mbuga chini. Huo mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi. Wahunzi wa Kifipa nao walichagua udongo: malungu yao, tanuru ndefu za kuyeyushia chuma, waliyajenga kwa udongo wa vichuguu.

Swali hili lina gharama. Kijiji kinachojenga darasa kwa michango hakipeleki sampuli Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Kinategemea makadirio. Yakizidi, saruji inamalizikia chini na bati zinakosekana. Yakipungua, ukuta unapasuka watoto wakiwa ndani.

Kwa hiyo naanza na jembe. Nachimba shimo, natazama kama tuko mwinukoni au mbugani, nawauliza wenyeji maji husimama wapi masika na nyumba zipi zina nyufa. Hesabu ya 1948 naitumia baadaye, na kando ya kila jibu naandika udongo ulitoka sehemu gani ya mteremko. Fundi atakayeisoma anahitaji kujua hilo kabla hajaamua kina cha msingi.