Kiswahili baina ya Amri na Kitabu: Historia Fupi ya Usomaji wa Pamoja Kampala

Mwezi Juni 1962, miezi michache kabla ya Uganda kupata uhuru, waandishi wa Kiafrika walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala. Miongoni mwao walikuwamo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Grace Ogot na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado mwanafunzi chuoni hapo. Mkutano ulikuwa wa waandishi wa Kiingereza. Kwa kigezo hicho Shaaban Robert, aliyekwisha kuchapisha Kusadikika mwaka 1951, hakuwa na nafasi; naye alifariki dunia mwezi huohuo. Mwaka uliofuata, Obi Wali alihoji uamuzi wa kuitegemeza fasihi ya Kiafrika juu ya lugha za kigeni, katika Transition, jarida ambalo Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961. Hata hivyo, hoja hiyo nayo iliandikwa kwa Kiingereza.

Makala hii inadai kwamba mkutano ule uliipa nguvu desturi ya watu kukaa pamoja, kusoma na kuhojiana. Desturi hiyo ingali hai. Chama cha waandishi wanawake, FEMRITE, kilichoasisiwa katikati ya miaka ya 1990, kimeendesha klabu ya wasomaji na waandishi inayokutana Jumatatu jioni. Lugha kuu ya mijadala ya aina hii mjini imebaki kuwa Kiingereza.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana William Gowers alitaka kukikuza katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa akapinga, akiitetea Luganda. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, Baraza la Mawaziri likaidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili mwaka 2019, na mwaka 2022 likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni.

Hatua hizi zote zilishuka kutoka juu. Kwa Waganda wengi, Kiswahili kilisikika kwanza kinywani mwa askari, na kumbukumbu za utawala wa kijeshi ziliongeza uzito wa lawama hiyo. Sheria yaweza kuipa lugha hadhi na vipindi darasani. Haiwezi kuipa msomaji anayerudi nyumbani akiwa bado anabishana na mhusika wa riwaya. Lugha inayokutana na mwanafunzi katika mtihani tu huachwa mtihani unapokwisha.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba sera ya 2022 iambatane na klabu za usomaji wa Kiswahili katika maktaba za umma na vituo vya jamii. Klabu yaweza kuanza na Kusadikika, ambamo raia anashtakiwa kwa kutetea elimu ya sheria, kisha ikaendelea na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2022. Mjadala uruhusiwe kuchanganya Luganda au Kiacholi, ili Kiswahili kisionekane tena kuja kuzifukuza lugha za wenyeji. Klabu haitachukua nafasi ya mwalimu, wala haitapunguza bei ya vitabu. Lakini itamweka Shaaban Robert kwenye meza ya Kampala, mahali alipokosekana mwaka 1962.