Mkimbizi Asiye na Jina: Wajibu wa Nchi Iliyo Nje ya Mkataba wa 1951, Mfano wa Thailand

Utangulizi

Katika mijadala ya sera za wakimbizi, nchi hugawanywa mara nyingi katika makundi mawili: zilizoridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi au Itifaki yake ya 1967, na zisizoridhia. Kundi la kwanza huhesabiwa kuwa na wajibu. La pili hudhaniwa kuwa linatoa hisani tu. Historia inaukataa mgawanyo huu. India, Pakistan, Bangladesh, Lebanon, Jordan na Thailand zimepokea mamilioni ya wakimbizi zikiwa nje ya Mkataba huo. Makala hii inachunguza historia ya Thailand tangu mwaka 1979 ili kuonyesha mambo mawili. Kwanza, nchi iliyo nje ya Mkataba bado ina wajibu wa kisheria wa kutomrudisha mtu kwenye hatari. Pili, wajibu huo hudhoofika pale ambapo sheria ya nchi haina jina la kumwita anayestahili ulinzi.

Miezi mitano ya mwaka 1979

Mnamo Januari 1979 majeshi ya Vietnam yaliiteka Phnom Penh na kuuangusha utawala wa Khmer Rouge. Maelfu ya Wakambodia waliodhoofika kwa njaa na vita walikimbilia mpaka wa Thailand. Katika sheria ya Thailand watu hao walikuwa wahamiaji haramu. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka huohuo wa 1979 haikuwa na fungu la mkimbizi, ingawa kifungu chake cha 17 kilimpa waziri uwezo wa kuwaondolea watu fulani masharti yake kwa idhini ya Baraza la Mawaziri.

Mwezi Juni wanajeshi wa Thailand waliwapakia Wakambodia zaidi ya 40,000 katika mabasi, wakawapeleka hadi Preah Vihear katika safu ya milima ya Dangrek na kuwalazimisha kuteremka magenge kuingia Kambodia. Huko chini palikuwa pametegwa mabomu ya ardhini. Wengi walikufa kwa mabomu hayo, kwa kiu na kwa maradhi.

Mwezi Julai Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano mjini Geneva, na ahadi za nchi za mbali za kuwapa makazi wakimbizi wa Indochina zikapanda kutoka nafasi 125,000 hadi 260,000. Mwezi Oktoba Waziri Mkuu Kriangsak Chomanan alitangaza kwamba mpaka ungefunguliwa. Mwezi Novemba kituo cha Khao-I-Dang kilianzishwa, na katika muda wa miezi michache kilikuwa na watu zaidi ya 100,000.

Kati ya Juni na Novemba sheria ya Thailand kuhusu wakimbizi haikubadilika, wala hapakuwa na mkataba mpya uliosainiwa. Kilichobadilika ni utashi wa serikali, ukisukumwa na macho ya dunia na ahadi ya kugawana mzigo. Aliyefika mpakani Juni na aliyefika Novemba walikuwa na haki ileile. Mmoja alirudishwa kwenye mabomu, mwingine akapewa hema.

Milango mingine ya sheria

Ni kosa kuhitimisha kwamba mwaka 1979 ulikuwa suala la hisani pekee. Mwaka 1948 nchi hiyo, wakati huo ikiitwa Siam, ililipigia kura ya ndiyo Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ambalo ibara yake ya 14 inatamka haki ya kutafuta na kupata hifadhi. Azimio hilo halikuwa mkataba, lakini lilikuwa ahadi ya hadharani.

Baadaye Thailand ilijifunga kwa mikataba ambayo haina neno wakimbizi katika majina yake: Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1992, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1996, na Mkataba dhidi ya Mateso mwaka 2007. Ibara ya 3 ya huo wa mwisho inakataza kumrudisha mtu yeyote mahali ambapo kuna sababu nzito za kuamini kwamba atateswa. Ibara hiyo haiulizi kama mtu huyo anaitwa mkimbizi.

Zaidi ya mikataba, wanasheria wengi wanakubali kwamba kanuni ya kutorudisha watu kwenye hatari imekuwa sehemu ya sheria ya kimila ya kimataifa, ambayo huzifunga pia nchi zisizo wanachama. Azimio la nchi wanachama wa Mkataba wa 1951 lililotolewa mwaka 2001 lilithibitisha msimamo huo. Thailand yenyewe ni mjumbe wa Kamati Tendaji ya UNHCR, chombo kinachojadili viwango vya ulinzi wa wakimbizi.

Uzito wa jina

Hata hivyo, Thailand imeendelea kuliepuka neno mkimbizi katika lugha ya kiserikali. Wakareni walioanza kuvuka kutoka Myanmar kwa makundi makubwa mwaka 1984 wameitwa watu waliokimbia mapigano, na kambi zao tisa, ikiwamo Mae La, huitwa maeneo ya makazi ya muda. Muda huo umepita miaka 40. Methali ya Kiswahili humtaka mwenyeji ampe mgeni jembe siku ya tatu. Katika kambi hizi, idhini ya Baraza la Mawaziri ya kuwaruhusu wakazi wa muda mrefu kufanya kazi kihalali nje ilitolewa mwaka 2025.

Hapa Kiswahili kinatoa mwanga. Nomino mkimbizi imeundwa kutokana na kitenzi kimbia. Humtaja mtu kwa tendo lake, kabla ofisa yeyote hajamwandikia hati. Sheria ya kimataifa nayo hushikilia kwamba utambuzi wa serikali huthibitisha hadhi ambayo mtu tayari anayo. Serikali inapochagua jina jingine, ukweli wa tendo haubadiliki, ila mhusika hupoteza neno la kushika anaposimama mbele ya hakimu au ofisa wa uhamiaji.

Athari yake imeonekana hivi karibuni. Tangu Februari 2023 Thailand ina sheria ya kuzuia mateso na kutoweka kwa watu kwa nguvu, na kifungu chake cha 13 kinakataza kumfukuza mtu kwenda mahali atakapokabiliwa na hatari hizo. Mnamo 27 Februari 2025 Wauighuri 40 waliokuwa kizuizini kwa zaidi ya miaka kumi walipelekwa China, licha ya maonyo ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Wajibu ulikuwa umeandikwa katika sheria ya nchi yenyewe. Walioulinda wajibu huo walikuwa wachache kuliko waliouona kama kikwazo cha diplomasia.

Hitimisho

Mfano huu usisomwe Afrika Mashariki kana kwamba unawahusu wengine. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa 1951 mwaka 1964, na pia imeridhia Mkataba wa OAU wa 1969, unaokataza kumkataa mtu mpakani. Hata hivyo ilifunga mpaka wake na Burundi Machi 1995, na Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walilazimishwa kurudi kwao. Saini haikutosha huko, kama vile ukosefu wa saini haukuzuia Khao-I-Dang kuanzishwa.

Kwa washauri wa sera, kuihimiza nchi iridhie Mkataba ni jambo la lazima, lakini kazi haiwezi kusubiri siku hiyo. Mikataba mingine iliyokwisha kuridhiwa iingizwe katika sheria za uhamiaji. Anayestahili ulinzi apewe jina ndani ya sheria hizo. Na uamuzi wa kumrudisha mtu upitiwe na mahakama kabla ya kutekelezwa, kwa kuwa baada ya kutekelezwa hakuna rufaa inayomfikia.