Uendelevu wa Mji Huanzia Kibiti: Historia ya Delta ya Rufiji na Deni Letu



Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu swali la semina: elezeni maana ya mji endelevu kwa mifano. Karibu wote walinipeleka Ulaya. Walitaja njia za baiskeli, taka zinazotenganishwa majumbani na majengo yanayotumia umeme kidogo. Sikuona kosa katika majibu yao. Hata hivyo, hakuna hata mmoja aliyeandika neno Kibiti, ilhali taa za darasa letu sasa zinategemea kwa sehemu kubwa maji ya Mto Rufiji.

Makala haya ni jibu langu mwenyewe kwa swali lile. Hoja yangu ni kwamba uendelevu wa mji hauwezi kupimwa ndani ya mipaka ya mji peke yake. Hupimwa pia kule unakotoka mti wake, mchele wake na umeme wake. Na hapo swali la kwanza ni la madaraka: nani huamua? Delta ya Rufiji imeulizwa swali hilo kwa zaidi ya miaka 120, na mara nyingi jibu limetoka mbali na delta yenyewe.

Tuanze na dari. Anayeingia katika nyumba ya kale ya mawe katika Mji Mkongwe wa Zanzibar hukuta vyumba virefu na vyembamba. Sababu iko juu ya kichwa chake: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari. Boriti nyingi zilitoka Rufiji. Majahazi yalikuja na pepo za kaskazi yakileta tende, chumvi na samaki wakavu, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni miti iliyohesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Miti hiyo iliezeka nyumba za Zanzibar, na pia za Oman na nchi za Ghuba, ambako mti wa kujengea ni adimu. Kwa hiyo, kabla hatujazungumzia nchi wala serikali tunazozijua leo, miji ya Bahari ya Hindi ilikuwa tayari inalala chini ya msitu wa Rufiji.

Biashara hiyo ilijengwa juu ya maarifa. Kwa mgeni, msitu ule wote ni mikoko. Kwa wenyeji wa delta, wakiwamo Wanyagatwa na Wandengereko, kuna mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana na mkomafi, kila mmoja na mahali pake penye kupwa na kujaa, na kila mmoja na kazi yake: huu wa kujengea, ule wa mataruma ya majahazi, mwingine wa kuni. Nguzo zenyewe zina majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkataji aliyetumwa boriti alikuwa na sababu ya kuiacha fito ikue. Sisemi kwamba hapakuwa na uharibifu. Palipo na soko kubwa, pupa haikosekani. Nasema tu kwamba palikuwa na utaratibu wa watu wanaoujua msitu wao, na wageni waliofika baadaye hawakuutambua utaratibu huo kuwa ni utaratibu.

Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani uliitangaza mikoko ya Rufiji kuwa hifadhi ya msitu, miongoni mwa hifadhi za kwanza kabisa katika koloni la Afrika Mashariki. Kituo cha misitu kikawekwa Salale, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Kibiti. Tangu hapo mti ukawa mali ya dola. Mwenyeji aliyekuwa akikata kwa desturi yake alitakiwa kuwa na kibali na kulipa ushuru, huku nguzo na magome ya kutengenezea ngozi yakiendelea kuuzwa nje kwa faida ya serikali. Tuliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu ndipo neno uhifadhi lilipoingia nchini kwetu kama neno la kiserikali. Kukata hakukukoma, aliyebadilika ni mwenye kuamua nani akate.

Miaka saba baadaye, mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilizuka kusini mwa mto. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, humo humo katika nchi ya Rufiji. Tumezoea kufundisha kwamba sababu ya vita ilikuwa kulazimishwa kulima pamba, na hilo ni kweli. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameongeza kwamba tusisahau msitu: amri zilizowabana watu katika kukata, kuwinda na kulima ndani ya misitu zilikuwa sehemu ya machungu yale. Anayesoma Majimaji kwa jicho la mazingira ataona kwamba suala la ardhi na uhifadhi halikuanza na mikutano ya kimataifa ya siku hizi.

Sasa tupande mto kidogo, kutoka delta hadi bondeni, kwa kuwa maji ni yale yale. Kwa karne nyingi, mafuriko ya Rufiji hayakuwa maafa tu. Yalikuwa pia mbolea. Mpunga ulipandwa mvua zinapoanza, ukakua na kuinuka pamoja na maji. Maji yakishuka, baada ya masika, watu walipanda mahindi, kunde na maboga katika ardhi iliyobaki na unyevu. Kilimo hicho cha pili huitwa mlau. Mabwawa ya asili kama Ruwe, Uba na Zumbi yalijazwa upya maji na samaki. Mkulima alilala juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, akilinda shamba dhidi ya nguruwe na viboko huku mafuriko yakipita chini yake. Mwaka mmoja mpunga ulisombwa, mlau ukaokoa nyumba. Mwaka mwingine maji yalikuwa haba, mambo yakageuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa bima yao.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali ya nchi huru iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamishia wakazi wa bondeni kwenye vijiji vya nyanda za juu. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji safi na usalama. Siidharau nia hiyo. Wapo wasomi wetu waliozaliwa na vijiji hivyo. Lakini shamba lilibaki bondeni. Wakulima wengi wakaendelea kushuka kila msimu, wakiishi miezi kadhaa juu ya madungu, mbali na shule na zahanati ambazo kwa ajili yake walihamishwa. Mpango ulitazama mahali watu wanapolala, ukasahau mahali wanapokula.

Turudi delta. Mnamo 1978 mafuriko yalibadili njia ya mto, na maji mengi matamu yakaelekea matawi ya kaskazini. Kusini maji ya chumvi yakapanda. Kaskazini palikuwa na ardhi mpya ifaayo mpunga, na watu wakafyeka mikoko wakalima. Serikali ikajibu kwa katazo la kukata mikoko mwaka 1987 na mpango wa usimamizi wa mwaka 1991. Ilipofika 1997, serikali hiyo hiyo iliidhinisha mradi wa kampuni ya African Fishing Company wa kufuga kambamiti, wenye mabwawa ya karibu hekta 10,000 ndani ya delta, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri usikubaliwe. Fikiria, ndugu msomaji: mkulima alikatazwa kufyeka eka moja ya mpunga, mwekezaji akaruhusiwa maelfu ya hekta. Wanavijiji hawakukaa kimya. Walikwenda Mahakama Kuu, wakisaidiwa na wanasheria na waandishi wa habari za mazingira. Mabwawa yale hayakuchimbwa kamwe. Kwa wanaharakati wanaosoma ukurasa huu, hiyo ni sura ya historia yetu inayostahili kufundishwa: mara hii mikoko ililindwa na wale waliotuhumiwa kuiharibu.

Mwaka 2004 delta iliingizwa, pamoja na Mafia na Kilwa, katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kisha likaja soko la hewa ukaa, ambalo ndani yake mkoko una thamani kubwa kwa kuwa hufungia kaboni nyingi katika tope. Mwaka 2012 watafiti Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett waliandika kwamba matarajio ya soko hilo yalikuwa yakichochea kuondolewa kwa wakulima wa mpunga delta ya kaskazini. Wahifadhi walipinga vikali maelezo yao, na mjadala ukawa mkali. Siamui hapa nani alishinda. Ninachokiona ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zikibishana katika jarida la kimataifa, kwa lugha ambayo mkulima anayejadiliwa haisomi. Tangu 2022 tunazo kanuni za biashara ya kaboni. Swali la Salale la 1898 linarudi: kibali atatoa nani, na fedha zitamfikia nani?

Juu ya yote hayo sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Ujazaji ulianza Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mapema mwaka 2024. Ni kazi kubwa ya taifa, na Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, inauhitaji umeme huo. Aprili 2024 mafuriko yaliyakumba mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Wapo wakazi waliolilaumu bwawa. Serikali ilieleza kwamba bwawa lilipunguza makali ya mafuriko. Vyovyote iwavyo, jambo moja ni la kifizikia: bwawa hukamata tope, na hubadili majira ya maji. Delta hujengwa kwa tope. Mlau husubiri majira.

Nilipofika Nyamisati baada ya mafuriko yale, mzee mmoja, tulipokwisha kuamkiana, aliniambia kwamba wamehimizwa kuhamia sehemu za juu. Akaniuliza kama mpunga nao utahamia huko. Sikuwa na jibu, nami ni mwalimu wa watu watakaopanga mipango hiyo.

Kwa watumishi wa umma, basi, ninayo machache. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja kati ya dola na vijiji. Mikataba hiyo ipelekwe delta, ikiwa na mgawo wa mapato ulioandikwa wazi kwa Kiswahili. Ratiba ya kufungulia maji ya bwawa ijulikane vijijini kabla ya msimu wa kupanda, na izingatie haja ya mashamba na mikoko kupata mafuriko ya wastani. Na kabla ya kumhamisha mtu tena, usomwe mwaka 1969.

Kwa wanafunzi wangu: mtakapoandika tena kuhusu mji endelevu, anzeni na swichi ya taa, kisha fuateni waya hadi mwisho wake. Wahenga walisema aliyeshika makali hawezi kushindana na aliyeshika mpini. Watu wa delta wameshika makali tangu 1898. Mji unaotaka kuitwa endelevu hauna budi kuwaachia nao sehemu ya mpini.

Naomba kutoa hoja.