HISTORIA NA NESI, SEHEMU YA 4: Nesi aliyepita Nachingwea akaenda kuwa rais

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Ni zamu ya historia, na ya leo imenitoka moyoni, nivumilieni ni ndefu.

Wiki iliyopita kliniki akina mama wawili waligombania nafasi kwenye benchi. Mmoja akamwambia mwenzie, "Hebu sogea huko, Mmawia wewe, rudi kwenu Msumbiji." Benchi zima likacheka. Yule aliyeambiwa hakujibu. Alimfunika mtoto kanga usoni, akahamia mwisho wa foleni. Nikamrudisha mahali pake na kuendelea na kazi, lakini nilipofika nyumbani Malolo usingizi ukagoma. Nikajiuliza, hivi sisi watu wa Ruangwa na Nachingwea tunajua tunamcheka nani?

Basi ngoja nikuchoree ramani. Tuanzie mlangoni kwetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja Nachingwea kulima karanga. Ni ule mpango mkubwa ulioanza 1947, wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walifyeka pori, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja huku. Karanga hazikukubali, na ilipofika 1951 mpango umekufa. Yakabaki majengo na mashamba yenye namba. Wazee wakikutajia Famu 17, jina limetoka huko.

Sasa shika mwaka 1962. Tarehe 25 Juni, pale Dar es Salaam, vyama vitatu vya watu wa Msumbiji viliungana kikawa kimoja, FRELIMO. Rais wake wa kwanza alikuwa Dkt. Eduardo Mondlane. Miaka miwili nyuma, tarehe 16 Juni 1960, Wareno walikuwa wamewapiga risasi wananchi waliokusanyika Mueda kudai haki zao. Mueda si mbali, ni ng'ambo tu ya Ruvuma. Watu wakaona maneno matupu hayatoshi. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza Cabo Delgado, na mwaka uliofuata mashamba yale ya karanga ya Nachingwea yakawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO.

Na mkuu wa kambi alikuwa nani? Nesi mwenzangu! Samora Machel alisomea unesi akafanya kazi hospitali Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo. Aliudhika kuona nesi mweusi analipwa kidogo kuliko nesi mzungu kwa kazi ileile. Mwaka 1963 akatoroka. Alipofika Botswana akapata nafasi kwenye ndege iliyokuwa inawaleta vijana wa ANC ya Afrika Kusini hapa kwetu. Akapelekwa Algeria kujifunza vita, akarudi, akaja Nachingwea kufundisha wengine. Mondlane alipouawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969, uongozi ukaishia mikononi mwa Samora. Tarehe 25 Juni 1975 akawa rais wa kwanza wa Msumbiji huru. Kila nikiwa zamu ya usiku nimechoka, huwa namkumbuka huyu nesi.

Sasa mama, hapa ndipo penye letu sisi wanawake. Mwaka 1967 kundi la kwanza la wasichana 25 liliingia kambi ya Nachingwea kujifunza kijeshi. Wanaume wengine walinung'unika, mwanamke na bunduki wapi na wapi! Mmoja wa wasichana hao aliitwa Josina Muthemba. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi akaikataa, akasema kazi iko huku. Baadaye alisimamia mambo ya jamii: vituo vya watoto, yatima wa vita, akina mama waliobaki peke yao. Aliolewa na Samora mwaka 1969, wakapata mtoto wa kiume. Tarehe 7 Aprili 1971 alifariki Dar es Salaam akiwa na miaka 25 tu, mtoto hajatimiza miaka miwili. Tarehe 7 Aprili kwetu ni Siku ya Karume. Msumbiji siku hiyohiyo ni Siku ya Mwanamke, kwa ajili yake.

Na wale wasioshika bunduki? Walivuka mto na watoto mgongoni. Wakapokelewa Rutamba kule Lindi, wakapokelewa Matekwe hapahapa Nachingwea, wakapewa ardhi ya kulima. Wengine walirudi baada ya uhuru, wengine walishaoa na kuolewa. Mmakonde, Mmakua na Myao wako pande zote mbili za mto, Ruvuma haikuwahi kuwa ukuta. Kwa hiyo ukimwambia mtu "rudi kwenu", uliza kwanza bibi yako alizaliwa wapi. Unaweza kushangaa.

Sasa panua ramani. Msumbiji haikuwa peke yake. Mei 1963 nchi huru za Afrika zilikutana Addis Ababa zikaunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawekwa Dar es Salaam. Kuanzia 1972 mpaka kamati ilipofungwa 1994, katibu wake mtendaji alikuwa Mtanzania, Hashim Mbita. Kongwa, kwenye mashamba mengine ya karanga, walikaa wapiganaji wa ANC, wa SWAPO ya Namibia na wa MPLA ya Angola. Mgagao, Iringa, walikuwepo ZANU wa Zimbabwe. Mazimbu, Morogoro, ANC walijenga shule, hospitali na kituo cha akina mama wadogo na watoto wao, maana msichana akipata ujauzito uhamishoni angekimbilia wapi? Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Nje ya Afrika, silaha na mafunzo yalitoka Urusi ya Kisovieti, China na Cuba. Uswidi ilitoa misaada ya kiraia. Uingereza kulikuwa na watu wa kawaida, akina mama wakiwemo, waliogoma kununua matunda ya Afrika Kusini ya makaburu. Yaani mwanamke wa London anarudisha chungwa dukani, na mwanamke wa Nachingwea anagawana muhogo na mkimbizi. Hawajuani, lakini wako upande mmoja.

Vyama hivyo leo viko wapi? Twende kimoja kimoja.

FRELIMO inatawala Msumbiji tangu 1975. Uchaguzi wa Oktoba 2024 ulizua malalamiko ya wizi wa kura, na watu wengi walikufa kwenye maandamano.

MPLA inatawala Angola tangu 1975, lakini mwaka 2022 ilipata kura chache zaidi ya nusu tu.

ZANU-PF inatawala Zimbabwe tangu 1980.

SWAPO inatawala Namibia tangu 1990, na tangu Machi 2025 rais ni mwanamke, mama Netumbo Nandi-Ndaitwah.

ANC, mkongwe wao wote, aliyezaliwa 1912, alishinda 1994 akiwa na Mandela. Mei 2024 kwa mara ya kwanza alishuka chini ya nusu ya kura, akalazimika kugawana serikali na wengine.

Unaona? Vyote vitano bado viko madarakani, lakini heshima ya msituni haiwatoshi tena. Mtoto aliyezaliwa baada ya uhuru haulizi nani alipigana. Anauliza ajira, maji, dawa hospitali. Na ana haki. Nasema hivi sio kuvidharau. Nimeona kwenye kazi yangu: mama hasifiwi kwa kujifungua salama tu, kazi yenyewe ni kulea.

Turudi kwenye benchi letu la kliniki. Tangu Oktoba 2017, Cabo Delgado ileile ilikoanzia vita vya ukombozi inawaka tena. Safari hii ni wenye silaha wanaoua wanavijiji na kuchoma nyumba. Oktoba 2020 walivuka mpaka wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Nafahamu hofu ipo, na vyombo vya usalama vina kazi yao. Lakini mama aliyebeba kichanga na kadi ya kliniki si adui. Anakimbia kama walivyokimbia wa mwaka 1964, ambao wajukuu wao tumekaa nao darasa moja.

Sikwambii haya ili ujisikie vibaya. Nataka mtoto wako akiulizwa shuleni Nachingwea ina nini, asijibu korosho na ufuta tu. Ajibu kwamba hapa alipita nesi aliyekuja kuwa rais, hapa wasichana 25 waliwaziba wanaume midomo, hapa bibi zetu waligawana shamba na wageni.

Kazi ya nyumbani: kesho ukimpelekea bibi au babu uji, kaa naye dakika kumi. Muulize, "Wakati wa FRELIMO mlikuwa mnaishije?" Andika anachokwambia, hata nyuma ya daftari la mtoto. Wazee hawa tunawapokea wodini kila wiki, na wengine hawarudi nyumbani. Wakiondoka, wanaondoka nayo.

Na yule mama aliyehamia mwisho wa foleni, kama unasoma hapa: Jumatano njoo, mtoto ana chanjo ya wiki ya kumi. Nafasi yako mbele ipo.