Malaika: Wimbo Mmoja, Watungaji Kadhaa

Wimbo wa Malaika, ambao muradi wake mzima ni kijana aliyependa na kushindwa kuoa kwa sababu ya ufukara, ulipofika Usukuma haukuhitaji mfasiri, kwani huku Shinyanga na Geita mahari ilihesabiwa, na aghalabu ingali ikihesabiwa, kwa ng'ombe. Na kijana asiye na zizi, wala baba au mjomba wa kumkopesha, alijua fika kwamba hana budi ama kungoja, ama kuoa pasipo ng'ombe, na watoto atakaowazaa wahesabiwe kuwa wa babu yao mzaa mama mpaka siku atakapowakomboa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka kwamba ndoa haibatiliki kwa kutolipwa mahari. Lakini ukienda kuposa Kishapu ukiwa na nakala ya sheria hiyo mkononi badala ya mifugo, utarudi nayo nyumbani.

Aliyeuleta wimbo huku ni redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na katika muongo huohuo pamba ikawatia fedha mikononi wakulima wa Kanda ya Ziwa, ambao vyama vyao vya ushirika viliungana mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani; ikawa baada ya mavuno watu hununua baiskeli, cherehani, gramafoni, na baadaye redio za betri. Fauka ya hayo kulikuwa na migodi: Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na Geita, ambako dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ule wa kwanza ulipofungwa mwaka 1966. Huko watu wa makabila mbalimbali waliishi pamoja wakipokea ijara, na lugha iliyowakutanisha, kazini na katika starehe, ilikuwa Kiswahili.

Sasa tuje kwenye asili ya wimbo wenyewe, ambayo ndiyo yenye utata. Riwaya inayopendwa zaidi upande wetu wa mpaka humtaja Adam Salim, Mtanganyika, ambaye inasemekana aliutunga wimbo huu Nairobi mnamo mwaka 1945 kwa ajili ya binti aliyempenda, ambaye wazazi wake walimwoza mtu mwenye ukwasi. Upande wa Kenya wako waliomtaja Lucas Tututu wa Mombasa, na wengine Grant Charo. Lakini sauti iliyousikilizisha umma kwanza ilikuwa ya Fadhili William Mdawida, Mtaita, aliyeutia katika santuri akiwa na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha akaurudia chini ya kampuni ya Equator ya Nairobi, iliyokuwa ya Mwingereza Charles Worrod. Naye Fadhili, hadi kufa kwake, alishikilia kwamba mtungaji ni yeye.

Kutoka Nairobi wimbo ulisafiri kwa kasi ambayo mtungaji yeyote, awaye nani, asingeweza kuidhania. Miriam Makeba, aliyekuwa amezuiwa tangu mwaka 1960 kurejea kwao Afrika Kusini, aliuimba kila alikokwenda, na mwaka 1965 aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1967 ukaimbwa Sweden na kundi la Hep Stars, ambamo mpiga kinanda alikuwa Benny Andersson, yule aliyekuja kuwa mmoja wa ABBA. Mwaka 1981 Boney M wakaufanya wimbo wa dansi. Na mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akauimba kwa sauti yake ya nguvu. Kwa maoni yangu Makeba na Belafonte hawajapata mpinzani, kwa kuwa waliyaacha mahadhi yaende polepole kama mtu anayehesabu fedha asizokuwa nazo. Ama Boney M, hao walimchezesha kijana wa watu kwa furaha ambayo aliyekosa mke hawezi kuwa nayo.

Ukiishika mkononi santuri ya zamani, ile ndogo ya wimbo mmoja kila upande, utaona katikati karatasi ya mviringo iliyobandikwa: jina la wimbo, jina la mwimbaji kwa herufi kubwa, na chini yake, pengine ndani ya mabano na kwa herufi ambazo mzee hazisomi pasipo miwani, jina la mtungaji. Fedha za mtungaji hufuata herufi hizo ndogo. Aliyeandikwa hapo ndiye huchukuliwa kuwa mtungaji mbele ya kampuni na mahakama, na asiyeandikwa hubaki na masimulizi yake, hata yakiwa ya kweli.

Wasukuma walikuwa na njia nyingine ya kulihifadhi jina la mtungaji. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yanayofanyika baada ya mavuno, vyama viwili hupiga ngoma zao kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi upande wake. Na manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, akitoa wimbo mpya hujitaja ndani yake, yeye na mara nyingi baba yake na kijiji chake, hata anayeuimba wimbo huo mwaka wa pili mahali pengine hulazimika kumtaja mwenyewe, maana akilitoa jina mahadhi yanapwaya. Laiti mtungaji wa Malaika angelifanya vivyo hivyo, Makeba angelimtaja kila usiku jukwaani, apende asipende.

Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua bila kufundishwa hali hii ya karatasi kumshinda aliyetangulia, kwa kuwa rashi ya dhahabu ikilipuka, aghalabu aliyeokota jiwe la kwanza si mwenye leseni.

Nyakati hizi mambo yamebadilika kiasi. Wimbo wa Kihaya wa Saida Karoli, uliotamba kote katika Kanda ya Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulirudi mwaka 2016 kwa jina la Salome ukiimbwa na Diamond Platnumz na Rayvanny, wala hapakuwa na mtu sokoni Kahama aliyeuliza chanzo chake ni nini, maana sauti ya kwanza ilikwisha hifadhiwa na kila mmoja alikuwa akiikumbuka. Adam Salim hakuwa na bahati hiyo.

Mimi naelekea kuamini kwamba wimbo ulikuwapo kabla ya Fadhili William kuuimba, na kwamba bila yeye usingevuka bahari; kwa hiyo wapigaji wa bendi za harusi, wa Shinyanga na wa kwingineko, wangefanya insafu kuwataja wote wawili, Adam Salim na Fadhili, kabla ya kuuanza. Sheria, hata hivyo, inafuata karatasi: haki ya mtungaji, Kenya na Tanzania pia, hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake, na kwa kuwa Fadhili William alifariki Nairobi mwezi wa Februari 2001, haki hiyo haitakoma kabla ya mwaka 2051.