Nafasi Wazi Inayojazwa na Mashine

Somo letu leo ni habari ya karatasi ya maagizo isomwayo na kompyuta.

Makampuni mengi hukodi kompyuta zilizo mbali, katika majumba ya kampuni nyingine. Kila kompyuta ikiisha kutayarishwa hupewa anwani ya tarakimu. Fundi alikuwa akiinakili kwa mkono katika maagizo ya kompyuta ya pili. Akikosea tarakimu moja, mashine hazisikilizani, na kazi yote husimama.

Mwaka 2011 kampuni ya Amazon ya Marekani ilitoa CloudFormation. Fundi huandika karatasi moja tu, na mashine hutengeneza vyote. Lakini angalieni: anwani haijulikani mpaka kompyuta iwepo. Utaiandikaje mapema? Ndiyo sababu karatasi ile ilipewa maneno ya kazi yaliyo tayari. "Ref" hutaja kitu kingine cha karatasi ile ile. "Fn::GetAtt" huuliza sifa yake, kama vile anwani. Fundi huacha nafasi, mashine huijaza wakati ukifika. Tena, ikiona kitu hiki kinamtaja mwenziwe, hujua kipi kitangulie. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Heat ya OpenStack, isiyouzwa, ilifuata njia ile. Neno lake ni "get_attr".

"Fn::Join", la kuunganisha vipande vya maneno, liliwachosha watu kwa mabano na alama za mkato. Mwaka 2016 likaongezwa "Fn::Sub": sasa fundi huandika sentensi nzima, yenye mapengo ndani yake, kama barua ya karani.