Likizo inapokuchosha kuliko kazi

Januari moja nilirudi kazini Mombasa baada ya siku 11 Lamu. Mwenzangu wa meza ya jirani aliniangalia usoni akaniuliza, "Pole sheikh, ulikuwa mgonjwa?" Nikacheka, nikamwambia nilikuwa likizo. Jioni nilimsimulia mke wangu, naye hakucheka. Alisema: "Wewe angalau ulikwenda likizo. Mimi nilihamishwa jiko tu."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nikaanza kusoma na kuwauliza wenzangu, na nikaona si sisi peke yetu. Wengi hurudi kutoka likizo wakihitaji likizo nyingine. Sababu zake ni hizi.

Safari si mapumziko

Wazee walisema msafiri kafiri, kwa namna dhiki ya njia inavyomtoa mtu katika ada zake. Dini yetu nayo imemruhusu msafiri kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, na kula mchana wa Ramadhani akalipa baadaye. Takhfifu hiyo haikuletwa bure. Safari ni mashaka, hata ikiwa ya furaha.

Sisi tulikuwa sita. Usiku wa kuamkia safari hatukulala, tulikuwa tukifunga mizigo. Basi liliondoka alfajiri: Malindi, Garsen, Witu, vizuizi vya polisi njiani, mpaka Mokowe. Pale tukashuka na watoto na mabegi, tukaingia boti kuvuka hadi Amu. Ni zaidi ya kilomita 300. Kwenda na kurudi kulikula siku mbili nzima katika zile 11.

Na ukifika hulali papo hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kuwa mtu akilala mahali pageni usiku wa kwanza, upande mmoja wa ubongo hulala kwa wepesi kuliko mwingine, kama mlinzi anayesikiliza mlango. Ongeza watoto watatu kitanda kimoja, na soga za barazani mpaka saa saba usiku. Soga ni tamu, lakini adhana ya alfajiri haimngojei mtu.

Mwili umeondoka, akili imebaki

Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini, na karatasi zake haziishi. Siku ya pili niko ufuoni Shela na wanangu, simu ikalia: kuna faili halionekani. Faili lilipatikana baada ya dakika kumi, lakini tangu hapo kila simu ilipolia moyo wangu ulishtuka.

Wataalamu wa saikolojia ya kazi, akiwemo Sabine Sonnentag wa Ujerumani, wameeleza kwa miaka mingi kuwa kinachomrudishia mfanyakazi nguvu ni kujitenga na kazi kwa mawazo. Kuwa mbali na ofisi hakutoshi. Anayejibu ujumbe wa kazi kila baada ya chakula hajapumzika, amebadilisha kiti tu.

Jiko halina likizo

Hapa ndipo nilipokosea zaidi, na nakiri. Kwetu Amu mkaza mwana akija hakai kitako. Mke wangu aliamka kabla ya alfajiri kukanda mahamri. Adhuhuri wali wa nazi na samaki, usiku chakula kingine, na katikati yake chai kwa kila jamaa aliyepita kutuamkia. Mavyaa wake hakumlazimisha, ndiyo ada. Mgeni wa kawaida ana siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Mkaza mwana hukabidhiwa mbuzi ya nazi siku ya kwanza. Na mimi niko barazani, nasifiwa kwa kuja kuwaona wazee.

Kisha ziara. Kila ami, kila shangazi, kila halati lazima aonekane, na usipofika kwa mmoja ni lawama mwaka mzima. Tuliingia nyumba 19, na hakuna nyumba uliyoweza kuingia mikono mitupu. Tuliporudi Mombasa akiba ilikuwa imekwisha na karo inangoja. Deni nalo hukata usingizi kuliko mbu.

Faida yake haikai

Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Uholanzi, wakilinganisha waliokwenda likizo na wasiokwenda. Baada ya kurudi, waliozidi wenzao kwa furaha ni wale tu waliosema likizo yao ilikuwa ya utulivu mkubwa. Mtafiti mwingine, Jessica de Bloom, aliona kuwa nafuu ya likizo hupotea ndani ya wiki ya kwanza ya kazi. Kwa hivyo hata likizo njema haiwekwi akiba kama nafaka ghalani. Mapumziko madogo ya kila wiki yana kazi yake.

Tufanyeje?

Kwanza, jua haki yako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kamili kwa kila miezi 12 aliyofanya kazi. Zinaweza kugawanywa kwa ridhaa yako, na kama hakuna makubaliano mengine, sehemu moja isipungue wiki mbili mfululizo.

Pili, zipange. Mwaka uliofuata tulikaa Lamu siku sita tu, na nikabakisha siku tatu za kukaa nyumbani kabla ya kurudi kazini. Mafaili yangu nilimkabidhi mwenzangu kwa maandishi, na simu nikaitazama mara moja kwa siku, baada ya Asri.

Tatu, jiko. Nilizungumza na mama na dada zangu kabla ya kufika. Asubuhi tulinunua mahamri na mbaazi, na kupika kukawa kwa zamu. Siku yangu nilikuna nazi mwenyewe, na baraza nzima ilinicheka. Badala ya kuzunguka nyumba 19, tuliwaalika jamaa wote kwa kahawa moja baada ya sala ya Ijumaa. Shangazi yangu mmoja hajanisamehe mpaka leo, na nitakwenda kumtaka radhi, in shaa Allah.

Lakini siku ya tatu ya safari hiyo mke wangu alilala baada ya Adhuhuri, akaamshwa na adhana ya Asri. Tumeoana miaka 17, na nilikuwa sijawahi kumwona akilala mchana kwetu Amu.